Programu Iliyofungwa Bila Kuzimika: Kisa cha Madirisha ya Tkinter kwenye Kaunta ya Duka la Dawa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika duka la dawa lililo katika mji mdogo nchini Tanzania. Majina ya duka, mji, wafanyakazi na fundi wa kwanza wa programu yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha tatizo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mimi niliingia nikiwa fundi wa pili, baada ya programu kuwa imetumika kaunta kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo makosa yanayosimuliwa hapa mengine niliyarithi na mengine niliyatenda mwenyewe.

Programu ilikuwa ya mauzo. Muuzaji alitafuta dawa kwa jina, akaandika idadi, akapokea fedha, akachapa risiti, nayo hesabu ya stoo ikapungua. Iliandikwa kwa lugha ya programu ya Python, na kiolesura chake kilijengwa kwa Tkinter, ambayo ni njia ya Python ya kuitumia Tk, seti ya zana za kuundia madirisha iliyobuniwa na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa mwaka 1991. Takwimu zote zilihifadhiwa katika hifadhidata ya SQLite, yaani faili moja iliyokuwa kwenye kompyuta ile ile ya kaunta, iliyotumia Windows 10. Programu iliwashwa kwa pythonw badala ya python ya kawaida, ili lile dirisha jeusi la maandishi lisionekane mbele ya wateja. Uamuzi huo mdogo wa unadhifu ulitugharimu baadaye, kwa sababu pythonw haina mahali pa kuandikia ujumbe wa makosa: kosa likitokea, hupotea kimya kimya.

Inafaa kueleza jinsi madirisha yalivyopangwa, maana hapo ndipo mzizi wa mambo ulipo. Kila programu ya Tkinter huanza kwa kuunda dirisha la mzizi, ambalo madirisha mengine yote huzaliwa chini yake. Fundi wa kwanza hakulihitaji dirisha hilo liwe na sura yoyote, hivyo alilificha kwa amri ya `withdraw` mara tu lilipozaliwa. Kisha akaunda dirisha la pili la kuombea nywila, na baada ya nywila kukubaliwa akalivunja hilo na kuunda la tatu, ambalo ndilo muuzaji alilolifahamu kuwa ni programu. Dirisha la malipo lilikuwa la nne. Mpangilio huu ni wa kawaida, nami nimeukuta katika kazi za watu wengi. Unavutia kwa sababu unafanya kazi vizuri siku ya kwanza.

Kilichotokea

Lalamiko la kwanza lilikuwa fupi: asubuhi programu inafunguka, lakini muuzaji akianza mauzo inasimama kwa sekunde chache, kisha mauzo hayaingii. Haikuwa kila asubuhi. Ilitokea siku mbili mfululizo, ikaacha wiki nzima, ikarudi. Dawa waliyoigundua wauzaji wenyewe ilikuwa kuzima kompyuta na kuiwasha upya, na kwa kuwa dawa hiyo ilifanya kazi kila mara, tatizo lilichukuliwa kuwa la kompyuta na si la programu.

Lalamiko la pili lilikuja kwa simu wiki chache baadaye, nalo lilionekana halihusiani kabisa na la kwanza. Wakati wa kupokea malipo, programu iliganda: muuzaji alibofya kila mahali na hakuna kilichoitika. Mara moja mteja alikuwa amesimama mbele yake, noti mkononi, muuzaji akashindwa kuvumilia, akabonyeza kitufe cha umeme cha kompyuta mpaka ikazimika.

Nilipoeleza malalamiko haya kwa mwenye duka kama matatizo mawili, alikubali kuwa ni mawili, na kwa muda mrefu wote wawili tuliamini hivyo.

Maamuzi ya mwanzo, na sababu zake

Kwa lalamiko la kwanza nilifanya kazi nikiwa mbali. Niliiendesha programu kwenye kompyuta yangu ya Linux kutoka kwenye dirisha la amri, ambako makosa huonekana, nikaifungua mara mbili kwa pamoja, na nikapata ujumbe wa SQLite usemao `database is locked`, yaani hifadhidata imefungwa kwa kufuli. Nilidhani nimepata jibu: nakala mbili za programu zinagombania faili moja kwa muda mfupi. Maktaba ya SQLite ndani ya Python husubiri sekunde 5 kabla ya kukata tamaa. Nikaongeza ziwe 30. Hoja yangu ilikuwa kwamba ugomvi wa muda mfupi utakwisha wenyewe ndani ya muda huo. Haukwisha. Muuzaji sasa alisubiri nusu dakika nzima badala ya sekunde 5, kisha akapata kosa lile lile. Nilikuwa nimeurefusha ugonjwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Niliambiwa kwamba jioni wauzaji hufunga programu kwa alama ya X iliyo juu ya dirisha, badala ya kutumia kitufe cha "Toka" kilichowekwa ndani. Tkinter inamruhusu fundi kuamua kitakachotokea X ikibofywa, kwa kusajili fanksheni, yaani kipande cha msimbo cha kutekelezwa, dhidi ya itifaki iitwayo `WM_DELETE_WINDOW`. Nami nikasajili fanksheni isiyofanya chochote, ili kuwalazimisha watumie "Toka". Mtu anayebofya X na kuona dirisha limebaki pale pale hatafuti kitufe kingine. Huona programu imeharibika. Ndani ya siku chache wauzaji walikuwa wanaifunga kwa kuzima kompyuta, na malalamiko ya asubuhi yakakoma, jambo lililonifanya nijipongeze kwa sababu isiyokuwepo.

Kwa lalamiko la pili, la kuganda wakati wa malipo, nilikisia kwamba dirisha la malipo linapotelea nyuma ya dirisha kuu. Kisio hilo lilikuwa sahihi, lakini tiba haikuwa. Nililipa dirisha la malipo sifa ya `-topmost`, ambayo huliweka juu ya madirisha yote ya kompyuta, hata ya programu nyingine. Likakaa juu kweli. Risiti, hata hivyo, ilichapwa kupitia programu nyingine ya kusomea faili za PDF, na dirisha la kuchagua printa likawa linafunguka chini ya dirisha la malipo, mahali ambapo muuzaji hawezi kuliona. Nilihamisha tatizo kutoka dirisha moja hadi jingine.

Siku ya kaunta

Baada ya hapo nilikwenda dukani na kukaa nyuma ya kaunta kutwa nzima, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Kwanza niliondoa ile fanksheni tupu ili X irudi kufanya kazi kama zamani, kisha nikatazama tu.

Dokezo kubwa kuliko yote lilitoka kwa muuzaji mmoja, na alilitaja kama soga. Alisema programu hupenda umeme ukatike: usiku ambao umeme umekatika, asubuhi yake programu huamka vizuri. Nikauliza kompyuta ilikuwa ikizimwa saa ngapi jioni, kabla sijaifisha X. Haikuwa inazimwa. Ililazwa tu, skrini ikawa nyeusi, na asubuhi ikaamshwa kwa kugusa kibodi. Umeme ulipokatika usiku, kila kilichokuwa kimebaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta kilikufa, na mashine ikaanza upya.

Jioni hiyo muuzaji alipofunga programu kwa X na kuondoka, nilifungua Task Manager, orodha ya Windows ya programu zilizo hai. Hakukuwa na dirisha lolote la programu kwenye skrini, wala kitufe chake kwenye upau wa chini, lakini pythonw ilikuwa bado hai. Niliifungua programu na kuifunga kwa X mara mbili zaidi, na kwenye orodha zikawa tatu.

Maelezo ya kilichokuwa kinatokea ni haya. Katika Tk, mtu asiposajili fanksheni yake, X hulivunja dirisha lililobofywa pamoja na yote yaliyozaliwa chini yake, na si zaidi ya hapo. Mzunguko wa matukio, yaani kusubiri mibofyo na herufi na kuziitikia, ambao ndio uhai wa programu ya Tkinter, huisha pale dirisha la mzizi linapovunjwa. Muuzaji alilivunja dirisha la tatu, lile analoliona; mzizi ulibaki umefichwa na mzima, ukiendelea kusubiri matukio ambayo hakuna mtu angeweza kuyapeleka, kwa kuwa hakuna sehemu yake iliyoonekana ya kubofya.

Hilo peke yake lingepoteza kumbukumbu ya kompyuta na kuishia hapo. Kilicholeta madhara ni kwamba programu iliandika kichwa cha mauzo, yaani rekodi yake ya mwanzo, kwenye hifadhidata mara tu dawa ya kwanza ilipochaguliwa, na ilithibitisha muamala (kundi la mabadiliko ya data yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) pale tu malipo yalipokamilika. Python hufungua muamala yenyewe kabla ya amri ya kuingiza au kubadili data, na muamala huo hubaki wazi hadi uthibitishwe au ufutwe. Mteja akibadili mawazo saa ya kufunga, na muuzaji akafunga kwa X katikati ya mauzo, nakala iliyofichwa ilibaki imeshika kufuli la kuandika usiku kucha. Kesho yake nakala mpya iliweza kusoma bei na orodha, ndiyo maana ilifunguka vizuri, lakini haikuweza kuandika. Siku ambazo hakuna mauzo yaliyoachwa njiani, hapakuwa na kufuli, wala lalamiko.

Kuganda kwa malipo nako kulionekana wazi mchana wa siku hiyo. Dirisha la malipo liliita `grab_set`, amri inayozuia mibofyo yote ya programu isipokuwa ile ya dirisha hilo. Halikuwa limefungamanishwa na dirisha kuu, na kwa hiyo Windows ililihesabu kuwa dirisha linalojitegemea, lenye kitufe chake kwenye upau wa chini. Nilipoiondoa `-topmost` ili nione hali ya asili, muuzaji alikwenda kwenye kikokotoo kupiga hesabu ya chenji, akarudi kwa kubofya kitufe cha dirisha kuu, hilo likapanda juu na kulifunika la malipo. Zuio lilikuwa bado kazini. Dirisha alilokuwa analiona halikuruhusiwa kumjibu, na lililoruhusiwa hakuwa analiona.

Marekebisho

Niliporudi nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuweka ulinzi wa nakala moja, ili programu ikatae kufunguka ikiwa nyingine iko hai. Niliikataa, kwa sababu muuzaji angeambiwa "programu iko wazi tayari" huku haoni chochote. Ni kufunga mlango na kumwacha mtu nje. Ya pili ilikuwa kuacha mpangilio ulivyo na kuongeza amri ya kuvunja mzizi kila dirisha kuu linapofungwa. Ingefanya kazi, lakini ingemtaka kila fundi ajaye akumbuke kuwepo kwa dirisha asiloliona. Nilichagua ya tatu: dirisha la mzizi liwe ndilo dirisha kuu lenyewe, na fomu ya nywila iwe fremu, yaani sehemu tu ya ndani yake, inayoondolewa na kupisha fremu ya mauzo. Kwa njia hiyo kinachoonekana na kinachoishi kikawa kitu kimoja.

X ilipewa fanksheni halisi. Kama kuna mauzo ambayo hayajakamilika, humwuliza muuzaji kama ayafute. Akikubali, muamala hufutwa, hifadhidata hufungwa, saa iliyokuwa ikijisogeza kila sekunde kwa `after` husimamishwa kwa `after_cancel`, kisha mzizi huvunjwa. Kitufe cha "Toka" kiliita fanksheni hiyo hiyo, ili kusiwe na njia mbili za kutoka zenye matokeo tofauti. Nilifungua pia faili ya kumbukumbu za makosa, ili kosa lolote chini ya pythonw liwe na mahali pa kuandikwa.

Dirisha la malipo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Jaribio la kwanza nililifanya kabla ya kubadili mpangilio wa mzizi: nilitumia amri ya `transient` kulifungamanisha na mzizi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu katika msimbo. Dirisha la malipo halikuonekana kabisa. Dirisha lililofungamanishwa kwa `transient` hufuata hali ya mzazi wake, na mzazi akiwa amefichwa, mtoto naye huzaliwa amefichwa. Baadaye nilifungua faili ya `simpledialog` iliyo ndani ya Python yenyewe na kukuta waandishi wake wameweka sharti kwa ajili ya hali hii hii: dirisha dogo hufungamanishwa na mzazi iwapo tu mzazi anaonekana. Masaa niliyoyapoteza yangeokolewa na dakika kumi za kusoma kazi ya waliotangulia.

Tatizo jingine lilijitokeza kwenye Linux peke yake, ambako `grab_set` ilikataa kwa ujumbe `grab failed: window not viewable`. Kuunda dirisha na dirisha kuonekana ni matukio mawili: programu hupeleka ombi, na msimamizi wa madirisha, sehemu ya mfumo inayoyapanga kwenye skrini, hulitimiza kwa wakati wake. Zuio likiombwa kabla dirisha halijaonekana, hukataliwa. Mpangilio uliokubali kwenye mifumo yote miwili ulikuwa kuunda dirisha likiwa limefichwa, kulijaza, kulipa nafasi, kulifungamanisha na dirisha kuu, kulionyesha kwa `deiconify`, kusubiri kwa `wait_visibility`, ndipo kuomba zuio, kupeleka kibodi kwenye sehemu ya kuandika fedha, na mwisho kusubiri kwa `wait_window` hadi lifungwe. Niliuweka mpangilio huo mahali pamoja, na madirisha yote madogo yakautumia. Sifa ya `-topmost` iliondolewa.

Matokeo

Toleo jipya liliwekwa mwishoni mwa wiki, wakati wateja ni wachache. Kwa miezi mitatu niliyoendelea kufuatilia, faili ya makosa haikuonyesha kufuli hata mara moja, na Task Manager haikuonyesha pythonw baada ya programu kufungwa. Dirisha la malipo lilibaki juu ya dirisha kuu hata muuzaji alipotoka kwenye kikokotoo, na dirisha la printa lilionekana.

Mazoea ya kuzima kompyuta kwa kitufe cha umeme hayakukoma upesi. SQLite huvumilia jambo hilo vizuri, kwa kuwa huandika shajara kabla ya kugusa data na hurudisha hali ya awali inapofunguliwa tena, lakini diski ya kompyuta ile haikuwa changa, na ilibidi niwaombe wauzaji radhi kwa kuwafundisha tabia mbaya kwa X niliyoifisha.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa katika amri yoyote moja. Kulificha dirisha, kulivunja na kuimaliza programu ni mambo matatu, nayo programu iliyachukulia kama moja kwa sababu kwa macho ya mtu aliye mbele ya skrini yanafanana: dirisha halipo. Nililitazama tatizo kupitia macho hayo hayo, nikalitafuta kwenye hifadhidata, mahali liliposikika badala ya mahali lilipotoka. Lile ongezeko la hadi sekunde 30 lilikuwa na manufaa moja tu, nayo sikuyaona: ugomvi wa muda mfupi ungekwisha, kwa hiyo usiokwisha ndani ya nusu dakika ulikuwa ushahidi kwamba mwenye kufuli hana mpango wa kuliachia. Nilikuwa na jibu mkononi nikaliita kushindwa.

Majaribio yangu mawili ya mwanzo kuhusu madirisha, X iliyofishwa na `-topmost`, yana asili moja: yote yalilazimisha. Dirisha katika Tk si mali ya programu peke yake. Fremu yake ya nje, upau wa kichwa na nafasi yake mbele au nyuma ya mengine vimo mikononi mwa mfumo wa kompyuta, na hata jina `WM_DELETE_WINDOW` limetoka kwenye kanuni za X Window System (mfumo wa madirisha wa Unix, si ile alama ya kufungia), zilizoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ili programu na wasimamizi wa madirisha waweze kuelewana. Alama ya X inapobofywa, programu huarifiwa kwamba mtumiaji anaomba kutoka. Kunyamazia ombi hilo ni kumsukuma aende kwa aliye juu zaidi, na aliye juu kuliko wote ni kitufe cha umeme. `transient` ilifaulu kwa kuwa ilimweleza msimamizi wa madirisha uhusiano uliopo na kumwachia yeye kuutunza.

Zuio la `grab_set` nalo lina mipaka ambayo sikuijua. Kwenye Linux halifiki kwenye upau wa kichwa, maana upau huo ni wa msimamizi wa madirisha, hivyo X ya dirisha kuu bado inaweza kubofywa wakati dirisha la malipo likisubiri. Fanksheni ya kutoka hukagua sasa kama kuna dirisha dogo lililo wazi, na likiwepo hulileta mbele badala ya kuendelea. Ukaguzi huo niliuongeza baada ya kuiangusha programu kwa namna hiyo mimi mwenyewe, kwenye kompyuta yangu.

Moja halijatatuliwa kikamilifu. Mwenye duka hutumia nakala ya programu kwenye kompyuta yake ya mkononi, ambayo nyakati nyingine huunganishwa na skrini ya pili. Programu ilikuwa ikikumbuka mahali dirisha lilipoachwa, na skrini ya pili ikichomolewa, dirisha lilifunguka mahali pasipo na kioo. Sasa nafasi iliyohifadhiwa hupimwa kwa `winfo_screenwidth`, inayotaja upana wa skrini, kabla ya kutumiwa, lakini kwenye Windows kipimo hicho hutaja skrini kuu peke yake, na hivyo kila asubuhi dirisha lake hurudishwa kwenye skrini ndogo hata kama kubwa imeunganishwa. Anaburuta dirisha kwa mkono. Tumekubaliana libaki hivyo.